Mafiga ya Mama Feza

Mama yangu alihesabu ndoa yake kuanzia kwenye mafiga. Kwetu, upande huu wa Kasongo, mke mgeni alipika kwenye moto wa mama mkwe wake mpaka siku mama mkwe aliporidhika naye. Siku hiyo mama mkwe alibeba mawe matatu, akayapanga nyuma ya nyumba ya mwanawe, akaleta na kaa la moto. Tangu hapo mwanamke alikuwa na nyumba yake, na hakuna wa kumwuliza chumvi ya mchuzi imekwenda wapi. Mama alipewa mafiga mwaka Wazungu walipoanza kutulazimisha kulima pamba. Dada yangu Feza alizaliwa msimu uliofuata.

Misheni ilihesabu vingine. Kwao ndoa ilianza siku baba na mama walipobatizwa, wakawa André na Léocadie, wakapiga magoti mbele ya padri. Wakati huo Feza alikuwa tayari anajua kutwanga. Mimi, Marcelline, nilizaliwa baada ya hapo, kwa hiyo mimi ni mtoto wa ndoa, na Feza ni mtoto wa nini sijui. Tulinyonya titi moja. Hesabu hiyo inanichefua mpaka leo.

Basi padri akatangaza sikukuu ya ndoa. Wenye miaka ishirini na tano wangekaa mbele, wapewe baraka na blanketi; wengine wangekaa nyuma yao. Kwa hesabu ya mafiga, mama alikuwa ameivuka miaka hiyo. Kazi ya kupanga watu alipewa katekista wetu, Mwalimu Gérard. Jumamosi akatupitia nyumbani, akamkuta mama anapepeta mchele na baba anachonga mpini wa jembe.

"Mama Feza, kesho mutakaa nyuma, na wale wa juzi-juzi," akasema. "Ndoa yenu iko bado changa."

Mama hakuacha kupepeta. "Changa? Bwana yangu alipigwa fimbo juu ya pamba, ni mimi nilimukanda mugongo. Walimupeleka kutengeneza barabara ya Kabambare, ni mimi nililima shamba lake na langu. Tulizika mapacha. Wakati ule wote nilikuwa nani wake? Mugeni?"

"Ilikuwa kabla ya sakramenti, mama."

"Na Feza, yeye iko mutoto wa nani?"

Gérard akawatazama kuku. Baba akasema taratibu kwamba mbele au nyuma, kanisa ni lile lile. Ndivyo alivyokuwa baba: kabla hujamaliza kumwambia sogea, amekwisha kusogea.

"Wewe kaa unapotaka," mama akamwambia. "Mimi sitakaa nyuma Feza akiniona."

Hakuwa na tamaa ya blanketi. Feza alikuwa ameolewa Kabambare, na mama mkwe wake, mtu wa misheni kumshinda padri mwenyewe, alimwita mtoto wa porini kila ugali ulipoungua. Mambo ya wazee aliyatupa yote, ila la mafiga alilishika kwa mikono miwili: mwaka wa tatu huo Feza bado anapika kwenye moto wa mkwewe, kwa sababu, alisema, mtoto wa porini hapewi nyumba haraka. Sasa bibi huyo alikuwa amekuja naye kwenye sikukuu. Mama akikaa nyuma, tusi lile lingepata baraka ya kanisa, na Feza angeishi nalo.

Jumapili mama alivaa kitenge chake cha bluu, akaingia, akakaa benchi la mbele kabisa. Baba akaenda nyuma, kama alivyoambiwa. Gérard alimkonyeza mama, akakohoa, akamwonyesha nyuma kwa kidole. Mama alitazama altare tu. Niliogopa, na nilifurahi pia.

Gérard akaanza kuita watu na ndoa zao. Alipofika kwa wa nyuma akaita, "André na Léocadie."

Baba akasimama peke yake. Watu wakageuza shingo kumtafuta Léocadie, maana kijijini hakuna aliyewahi kumwita mama hivyo. Gérard akaita tena. Padri akauliza mwanamke huyo yuko wapi. Jasho likamtoka Gérard, na ulimi ukafanya ulivyozoea.

"Mama Feza, simama basi."

Mama akasimama pale pale mbele. "Umeniita mama wa nani, Mwalimu?"

Gérard akajifuta jasho.

"Na bwana yangu, munamuitaka nani?"

"Baba Feza," wakajibu watu wa nyuma, ingawa hawakuulizwa wao.

"Basi. Yule iko Baba Feza, mimi niko Mama Feza. Ni ninyi wote munatuita vile, tangu alizaliwa. Sasa muniambie tena ndoa yetu iko changa."

Baba akatoka nyuma, akapita kanisa lote katikati, akakaa kando ya mama. Sijawahi kumpenda kama siku ile. Padri, aliyetaka kumaliza misa, akawabariki walipokuwa.

Blanketi hawakupata. Mama alisema hana shida nalo, moto uko nyumbani.

Feza alirudi Kabambare na mama mkwe wake, na kesho yake asubuhi, huyo bibi akimtazama, akaenda mtoni kuokota mawe yake matatu mwenyewe.