Kikwembe Kinachoitwa Kavira Hakurudi

Nilitoka Goma kwa ajili ya kikwembe. Msicheke. Mwaka ule mlima Nyiragongo ulipomwaga moto, mdogo wangu Kavira alikuwa amekwenda Kanyaruchinya, kaskazini ya mji, kununua maharagwe, na hatukupata hata kitambaa chake cha kichwa cha kuzika. Miezi michache baadaye ikaingia sokoni nguo mpya kutoka Ulaya, nyeusi, yenye mistari myekundu inayoteremka. Kwetu kikwembe hakiuziki mpaka sisi wanawake wa soko tukipe jina. Niliitandaza nguo ile mezani pangu, nikaitazama, nikasema, "Hii ni Kavira Hakurudi." Wiki hiyohiyo mtaa mzima wa Majengo ulikuwa ukiitafuta kwa jina hilo.

Niliuza mpaka kipande cha mwisho, mjinga mimi, nikidhani nyingine zitakuja. Hazikuja. Siku ya kutoa matanga ikakaribia. Mama yetu, ambaye kila jioni alikaa mlangoni kwenye kigoda akitazama njia ya kaskazini, akaniambia, "Masika, kaburi hatuna. Basi tumuvae."

Asubuhi nikapanda meli ya Bukavu na jibini mbili za Masisi, zawadi ya mzungu wa depo kule Bujumbura, anakouza nguo hizo kwa jumla. Melini nikamwona mama mmoja wa Bukavu amejifunga nguo yenyewe!

"Mama, hicho kikwembe kinaitwa aje?"

"Haujue? Kavira Hakurudi! Kavira alikuwa mwanamuke moja wa Goma, alimutoroka bwana yake, akaenda na commerçant, mutu wa biashara. Hakurudi!" Akacheka mpaka akajishika ubavu.

Nikamwomba aniuzie. "Na mimi nitavaa nini, mama? Uchi?" Niligeuka nikatazama maji mpaka Bukavu.

Kutoka Bukavu nilipanda lori la chumvi, tukateremka milima kwenda bonde la Ruzizi. Kwenye kizuizi askari walitaka matabishi, kitu kidogo cha kutupitisha. Mmoja akainusa jibini moja, akaichukua, akaniambia niishukuru Zaïre kwa amani. Nikaishukuru. Ungefanya nini? Uvira tulifika tumejaa vumbi mpaka kwenye meno, na kesho yake nikavuka mpaka.

Bujumbura, kwenye depo, nilikuta wanawake wengi wa biashara wamekaa kwenye mabenchi, kila mmoja na chupa ya limonadi. Karani alikuwa mzee mpole aitwaye Papa Salvator. Aliniambia leo ni siku ya majina: mzungu anafungua nguo mpya, akina mama wanazipa majina, na majina yanakwenda kiwandani.

"Wanalipwa?" nikauliza.

"Wanapewa limonadi, mama."

Mzungu alikuwa mtu mnene, mchangamfu. Aliposikia nimetoka Goma na shida yangu, akapiga makofi. "Ah, Kavira Hakurudi! Nguo muzuri! Inauzwa mpaka Afrika ya magharibi!" Akanitolea kipande. Kilikuwa cha kijani na manjano. Mistari ilikuwa ileile, ila sasa ilifanana na majani ya migomba. Pembeni, kwa herufi ndogo za kiwanda, walikuwa wameandika KAVIRA. "Kule hawapendi nyeusi," akasema.

"Kavira ni mdogo wangu," nikamwambia. "Alikufa."

Akanitazama, kisha akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Histoire... hadithi muzuri sana," akasema. "Muzuri sana."

Nilitaka kumrushia ile jibini iliyobaki. Papa Salvator akanivuta kando. "Mama Masika, usikasirike. Nyuma kule balo moja, robota zima la nyeusi, imebaki. Lakini anaitoa kwa yule tu atakayempa jina zuri leo. Ni kawaida yake."

Wakaitandaza nguo mpya: duara za bluu, na katikati ya kila duara mlango mdogo ulio wazi. Mama mmoja wa Uvira akasema "Nyumba ya Mukewenza." Mwingine akasema "Karibu Mugeni." Mzungu alikunja uso. Nilitazama ile milango, nikamwona mama yangu na kigoda chake. Nilijua jina la nguo ile, nilijua na jinsi litakavyouza. Nilijichukia kabla sijafungua mdomo.

"Mama Anangoja," nikasema.

Benchi zima likasema "Eee!" Mzungu akaniomba nirudie pole pole, kalamu mkononi. Balo nyeusi ikaletwa. Niliinunua kwa bei yake kamili, kama mtu mwingine yeyote.

Njia ya kurudi sina la kusimulia. Nililala juu ya balo, nikailinda kama mtoto mchanga, nikafika. Tulitoa matanga sote tumevaa nyeusi, na mama alicheza, yeye ambaye alikuwa hajacheza tangu moto. Kesho yake jioni alirudi mlangoni na kigoda chake.

Mtaniuliza nilijifunza nini. Nilijifunza kwamba nguo yao tunainunua, na kilio chetu wanakichukua bure, kisha tunauziwa vyote viwili pamoja.

Msimu wa mvua nguo mpya zikafika Goma, jina limechapwa pembeni. Mama Anangoja! Mama Anangoja! Soko lilikuwa likiimba. Na mimi niliuza, maana watoto wanakula. Siku moja mama alikuja kukaa na mimi mezani, na msichana mmoja akashika kipande akauliza, "Mama, hii jina ilitoka wapi?"

Mama yangu akakichukua kile kipande, akakisogeza karibu na macho, akapitisha kidole juu ya zile herufi.

"Ilitoka Ulaya, mutoto wangu," akasema. "Si unaona wameandika?"

Nikakikunja, nikampa msichana chake.