Msiba Tulioupamba Mbagala

Kazi yangu ni kupamba nyumba za watu zionekane za watu wengine. Filamu ikitaka sebule ya tajiri, mie ndiye ninayezunguka Sinza kuazima masofa. Ikitaka chumba cha fukara, nachubua rangi ya ukuta kwa msasa. Najivunia kazi yangu, sifichi. Siku ile Mbagala nilijivunia kupita kiasi.

Nyumba tuliikodi kwa mama mmoja mjane, tukamwambia tunapiga picha za harusi. Akafurahi, akaenda zake Kipawa kwa dada yake atupishe. Asubuhi hiyohiyo mwongozaji akabadili hadithi: bwana harusi anakufa, tunaanza na msiba. Nikamwambia tumjulishe mwenye nyumba. "Sista, si turubai tu hilo," akanijibu. Nikaenda kutafuta turubai, maana mikono ilishaanza kuniwasha kwa hamu ya kazi.

Basi nikautengeneza msiba, jamani. Turubai mlangoni, mikeka, viti vya plastiki, masufuria kwenye mafiga, kuni zinafuka. Waigizaji wanawake nikawavisha khanga, nikawakalisha chini. Jirani, bibi mtu mzima, akaja kuchungulia. Nikamwamkia shikamoo, hakuitikia. Alisema, "Huo uchuro, mwanangu, mnaita kifo," akarudi ndani kwake akafunga mlango mchana kweupe.

Saa tisa mama mwenye nyumba akarudi, kabla ya muda tuliopatana. Alipokata kona akaliona turubai kwake na wanawake wamekaa chini na khanga zao, na mkoba ukamdondoka. Mwanawe wa pekee ni dereva wa lori la Zambia, na tangu juzi simu yake ilikuwa haipatikani. Sie hatukulijua hilo. Alianguka palepale mchangani akimlilia mwanawe kwa jina.

Nilimkimbilia. "Mama, hakuna msiba hapa. Ni filamu tu."

"Mnanificha," alisema.

Hapo ndipo nilipoogopa. Kwetu mtu akifiwa haambiwi. Anaambiwa mgonjwa hajambo, wewe njoo tu nyumbani. Hata mie, baba yangu alipofariki, niliambiwa ana malaria kidogo. Kwa hiyo kila nilivyomtuliza nilizidi kumhakikishia kwamba mwanawe amekufa. Nikamwonyesha kamera, akageuza uso. Tukashusha turubai, tukakunja mikeka, akasema tunangoja ndugu zake wafike ndipo tuseme. Nilijichukia, na mwongozaji nilimchukia zaidi.

Tulipiga namba ya yule kijana mpaka vidole vikachoka. Jua likikaribia kuzama, simu ya mama ikaita yenyewe. Nikaipokea, nikaiweka spika. Alikuwa yeye, mzima wa afya, simu ilimwishia chaji. Wenzangu wakacheka kwa furaha. Mama hakucheka.

"Mwanangu, nimeshakulilia," alimwambia taratibu. "Nimekulilia kwa jina lako, mbele za watu, na wewe u hai. Usiendeshe tena leo. Lala hapohapo ulipo."

"Kwani kuna nini, mama? Mbona nipo njiani tayari. Niko juu ya mlima Kitonga, naanza kuteremka. Nikifika chini nakupigia."

Akakata simu. Kitonga ndiko malori hukatika breki kwenye mteremko. Mama akaishika ile simu kwa mikono miwili. Nikakaa naye mchangani, na hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba ni filamu tu.