Pete ya Punguzo Iliyomharibia Sonara Jina

Saa tatu asubuhi, Kota Bharu, Malaysia. Nik Salbiah anaipokea pete kwa ncha za vidole viwili, anaiweka juu ya mizani yake ndogo, kisha anaigeuza mizani imtazame mteja.

"Soma mwenyewe, mwanangu. Kwa sauti."

"Gramu mbili na nukta nane," anasoma mteja, mwalimu wa chekechea aliyevishwa pete ya uchumba Ijumaa iliyopita na sasa inamchezacheza kidoleni. Anacheka. "Kwani mimi nakushuku, Mama Nik?"

"Leo hunishuku. Subiri siku ugombane na mama mkwe wako."

Salbiah anaandika uzito kwenye kikaratasi na kumpa. Anauliza kama pete ilinunuliwa kwa punguzo. Mwalimu hajui, maana ililetwa na upande wa mume.

"Basi usiulize," anamwambia. "Lakini mimi nikiipiga nyundo nitajua."

Salbiah ana miaka 53. Kwa miaka ishirini na sita amekaa kwenye baraza ya maduka ya dhahabu, hatua chache kutoka soko kuu, kwenye meza aliyorithi kwa baba yake. Anatanua pete, anazibana na kuunga zilizokatika. Ujira wake ni ringgit ishirini na tano kwa pete moja. Siku njema anapata pete nane. Siku mbaya anakunywa chai na kuangalia watu wakipita.

Wanawake wa soko hili huvaa akiba yao mikononi, na hakuna anayekubali bei ya kwanza. Mtu atabishania senti za fungu la mchicha mpaka jasho limtoke. Ungedhani hao hawatapeliki. Salbiah anasema wao ndio wa kwanza kutapeliwa.

"Wamezoea kupigania punguzo," anasema. "Wakipewa bila kupigana wanadhani wameshinda. Wanasahau kuuliza uzito."

Anayajua hayo kwa gharama yake mwenyewe. Miaka mitatu iliyopita, Jumanne moja, rafiki yake tangu utotoni alifika mezani akiwa na kijaluba chekundu. Alikuwa Wan Kelesom, muuza budu, ule mchuzi wa dagaa waliochachuliwa ambao bila huo watu wa hapa hawali wali. Mwanawe Saufi alikuwa anaposa Ijumaa. Kwa desturi, mama wa mvulana ndiye anayemvisha binti pete mbele ya jamaa wa pande zote mbili. Shangazi wa binti alikuwa amepima kidole kwa uzi, na pete ikaonekana ndogo.

"Asilimia sitini wamenitolea," Kelesom alijigamba. "Ilikuwa elfu mbili na mia nne, nimelipa mia tisa na sitini. Wala sikuomba."

Salbiah hakuipima. Hilo ndilo kosa lake, na analitaja mwenyewe kabla hujamuuliza.

"Tumekua pamoja. Ningempimia vipi?" anasema. "Niliona ni kumvunjia heshima, kama kumhesabia mgeni vipande vya nyama."

Aliivika pete kwenye fimbo yake ya chuma ya kutanulia, akaigonga taratibu kwa nyundo ya mbao. Pigo la tatu, ikapasuka. Ndani ilikuwa tupu. Pete iliyoonekana nene ilikuwa ganda tu, jembamba kama ganda la yai.

Kelesom alivitazama vile vipande. Alisema pete yake ilikuwa nzito na kwamba Salbiah ameibadilisha. Aliyasema pale barazani, kisha akaenda kuyasema sokoni, penye masikio mia tatu.

Siku ya pili yake Salbiah alifanya jambo ambalo hadi leo hajui kama lilikuwa wema au ujinga. Alikata kipande cha bangili yake ya ndoa, akakiyeyusha, akafua pete mpya, na Alhamisi adhuhuri akampelekea Kelesom ili posa isiharibike. Kelesom akaipokea. Ijumaa, binti akavishwa, watu wakala, wakashukuru.

Jumamosi soko zima lilikuwa na swali moja: kama hakula dhahabu ya watu, mbona amelipa?

"Hapo ndipo niliumia," anasema Salbiah, na machozi yanamlengalenga. "Nilimlindia mwanawe aibu, nikaivaa mimi."

Kutoka pete nane za siku njema akashuka hadi moja, nayo mara nyingi ilikuwa ya mgeni asiyemjua. Kwa miezi saba alipika vitumbua vya kuuza asubuhi ili umeme wa nyumbani usikatwe. Tangu hapo hapokei pete ya mtu yeyote, hata ya dada yake, bila kuipima mbele ya mwenyewe.

Ukweli ulijitokeza mwaka jana. Kelesom, akitafuta ada ya binti yake mdogo, alikwenda kuuza vile vipande ambavyo alikuwa amevihifadhi kwa hasira pamoja na risiti. Mnunuzi aliviweka kwenye mizani: gramu moja na nukta moja. Akaigeuza risiti. Mbele, ile asilimia sitini ilikuwa imeandikwa kwa herufi kubwa. Nyuma, chini kabisa, kwa herufi za kutafuta kwa tochi: gramu moja na nukta moja.

"Mama, hapa hakuna aliyekula kitu," mnunuzi alimwambia. "Hata siku uliyoinunua, dhahabu hii haikufika ringgit mia tatu."

Jioni hiyo Kelesom alikwenda kwa Salbiah na sufuria ya wali na mchuzi wa jodari. Alilia jikoni. Salbiah alimsamehe, wakala pamoja. Lakini wateja wa zamani wengi hawajarudi, na wengine bado hushusha sauti anapopita.

Anachotumaini sasa si fidia. Anataka kumfundisha binti yake kazi na kumwachia meza, ila hataki kumwachia na ule uvumi.

"Alinitukana sokoni, akaniomba radhi jikoni," anasema. "Natamani siku moja anisafishe palepale aliponichafulia. Kumwambia siwezi. Ni rafiki yangu."

Kibanda cha Kelesom kiko mwendo wa dakika tatu. Mwandishi alimkuta akijaza chupa, akamweleza alikotoka na alichosikia. Kelesom aliiweka chini kata ya budu, akafuta mikono kwa muda mrefu.

"Niliona haya," alisema hatimaye. "Kila asubuhi nasema leo, kisha mteja anakuja." Akamgeukia mwandishi. "Kalamu unayo?"

Ipo, akajibiwa.

"Basi andika. Na usiandike 'mwanamke mmoja', andika jina lote. Wan Kelesom binti Che Mat, wa safu ya budu. Pete yangu ilikuwa tupu kabla haijamfikia. Nik Salbiah hakula hata chembe. Mwongo nilikuwa mimi."

Wanawake wa vibanda vya jirani walikuwa wameacha kufunga mboga. Kelesom akawageukia.

"Mmesikia," akawauliza, "au nirudie?"