Nilivyolifukuza Gari la Matope Hadi Ipinda

Mume wangu hataki niisimulie habari hii, lakini mawifi zangu wameshaisimulia mpaka imechakaa, kwa hiyo nimeona bora niiseme mwenyewe, maana kwa masimulizi yao nilikuwa peku na nilimpiga mzee wa watu kwa kandambili, jambo ambalo si kweli hata kidogo (kandambili nilikuwa nimezivaa zote mbili, ila hazikuwa za jozi moja). Aibu yenyewe naikubali. Nilijiaibisha mchana kweupe, Ipinda, mbele ya watu waliokuwa wamevaa nguo zao nzuri kuliko zote, na hakuna aliyenituma.

Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Bondeni, kando ya barabara, pale inapoinama kidogo na kutengeneza dimbwi. Mvua za Kyela mnazijua. Dimbwi lile likikauka watu tunaulizana kuna nini. Sasa mimi na dimbwi hatuna ugomvi, ugomvi wangu ni na madereva, kwa sababu dereva anaona maji, anaona mama na mtoto mgongoni anapita pembeni, anaona mwanafunzi na shati jeupe, halafu ndiyo kwanza anaongeza mwendo, na ukipiga kelele anakupigia honi kama vile wewe ndiye uliyemchafua. Kuna wale wanaosimamisha magari mawili katikati ya barabara, kioo kwa kioo, wanaulizana habari za shangazi. Kuna wanaotupa gunzi la muhindi dirishani bila kutazama linamwangukia nani (liliwahi kuniangukia mimi, tena lina joto). Na msiniulize kuhusu yule anayeweka simu yake kwa sauti kubwa kwenye foleni ya zahanati ili wote tusikie anavyogombana na mkewe. Majirani waliponiona kila siku nimesimama mlangoni nafoka na magari, wakanipa jina la Mama Trafiki. Sikulikataa.

Siku hiyo nilikuwa nimemaliza majoho ya kwaya, ya zambarau, kola nyeupe, kazi ya wiki nzima, na wenyewe walikuwa waje jioni kuyachukua. Nikayatundika kwenye kamba chini ya bati la kibarazani ili mikunjo iachie. Nilikuwa nimekaa ndani, pini mdomoni, ndipo likaja gari jeupe la kukodi, vioo vyeusi, linakimbia kama limefukuzwa na nyuki, likaingia dimbwini magurudumu yote, na maji yale yakanyanyuka kama ukuta yakaja yakatua kwenye majoho. Yote. Hakuna joho lililosalimika. Nikatema pini, nikatoka nje, nikaona gari linatokomea, hata taa ya breki halikuwasha.

Majirani wakasema pole fundi, fua tu, ndio hali ya barabara. Na kama hapo ningefua tu, mambo yangeisha, leo nisingekuwa na la kuwasimulia. Lakini lile neno "fua tu" lilinichoma. Miaka yote tunafua tu! Nikasema hapana, leo hapana. Nikachomoa joho moja kwenye kamba, lile lililolowa zaidi, liwe ushahidi, nikamwendea Gwamaka aliyekuwa amekaa juu ya pikipiki yake akisubiri abiria. Gwamaka ni mtu mzima, ana mvi, si katika wale vijana wa kuruka matuta.

"Lifuate lile gari jeupe," nikamwambia.

"Linakwenda wapi?"

"Linakokwenda."

Akanitazama: futi ya kupimia shingoni, kimto cha pini kimefungwa mkononi, joho linachuruzika matope. "Mama Lusajo, una uhakika?"

"Washa pikipiki, Gwamaka."

Tukatoka. Tukalikosa mjini (baadaye nilijua lilikuwa limesimama kumpakia mtu), tukaliona tena mbele kwenye njia ya Ipinda, tukalipoteza, tukaliona. Na mimi, jamani, damu ilikuwa imechemka, nikawa nampigapiga Gwamaka mgongoni, "Ongeza! Ongeza, linatuacha!" Akaongeza. Kuna mahali lami ilikuwa imebeba maji pembeni, na kando yake alikuwa anapita mama mmoja mwenye kitenge cha njano, ungo kichwani, anatembea zake taratibu. Tukapita. Nikasikia nyuma yetu, "Mweee!" Nikageuka nikamwona amesimama, mikono ameiweka mbali na mwili, kitenge chote kimekuwa rangi ya udongo.

Gwamaka akapunguza mwendo. "Tumemchafua yule mama."

Na mimi, Mama Trafiki, mtetezi wa waenda kwa miguu, nikasema kwa mdomo wangu huu, "Usisimame, tutalikosa!"

Gari likaingia Ipinda, likakata kona, likaingia kwenye uwanja wa nyumba moja nzuri iliyozungukwa na migomba. Nikaona viti vimepangwa nje, watu wamekaa, wanawake wamevaa vitenge vya sare. Mtu mwenye akili angejiuliza, hapa kuna shughuli gani? Mimi niliona watu wengi nikafurahi, nikasema vizuri, mashahidi wapo. Nikashuka kabla pikipiki haijasimama sawasawa, nikalifikia gari kabla injini haijazimwa, na mlango uliokuwa karibu nami ulikuwa wa abiria wa mbele. Nikaufungua mimi mwenyewe.

"Mnaona hili?" nikasema, joho juu. "Mnaliona? Hii ni kazi ya wiki nzima! Nyie mkishapanda gari mnadhani sisi wa chini ni majani? Na wewe mzee, umekaa mbele hapa kama bosi, umetulia, dereva anamwagia watu matope wewe unatazama tu! Mvi zote hizo ni za nini kama huwezi kumwambia kijana apunguze mwendo? Haya, shika, usikie uzito wake!" Nikalibwaga joho mapajani mwake, juu ya suruali ya suti.

Mzee alifanya kitu kimoja tu. Alilichukua lile joho, akalinyanyua, akajifunika nalo uso na kichwa, akageukia upande wa dereva.

Wenzangu, kwa wasiojua mila za sisi Wanyakyusa, mke na baba mkwe wake hawatazamani. Hampishani njiani, hamketi nyumba moja, ukisikia anakuja unakimbilia migombani, na yeye akikuona anageuza uso kukupa heshima. Siku hizi wengi wameacha, lakini ukoo wa mume wangu bado wanaishika kama zamani. Tangu niolewe nilikuwa namwona baba mkwe kwa mbali tu, mgongo na kofia. Na hakuna mzee mwingine duniani ambaye angejifunika joho la matope kwa sababu yangu.

Nikachuchumaa nyuma ya gurudumu. Kutoka pale chini nikaona viatu vyeusi vinakuja mbio, na viatu vile nilivifahamu vizuri, nilikuwa nimevipiga rangi mwenyewe asubuhi.

"Mama Lusajo?" Ilikuwa sauti ya mume wangu. "Umefuata nini huku?"

Ndipo yote yakanijia kwa pamoja. Siku ile ilikuwa siku ya posa. Wazee walikuwa wanakwenda kumwombea mke shemeji yangu, Lusekelo, mdogo wake mume wangu; hao ndugu wawili walikuwa wametangulia Ipinda asubuhi. Nilijua wanakwenda Ipinda, lakini niliambiwa wangetoka kwao Njisi na kwenda moja kwa moja. Hakuna aliyeniambia watapitia Kyela mjini kumchukua mjomba. Kwa hiyo wale waliokaa kwenye viti walikuwa upande wa binti, wanasubiri kuona ukoo wanaompa mtoto wao ni wa namna gani, na ukoo ukawa ndio umefika hivyo: mkamwana anafoka, mzee wa posa amefunikwa joho la kwaya.

Nikamsikia mtu upande wa viti akinong'ona, "Ndio wake zao hao?" Nikamwona Lusekelo amesimama karibu na mgomba, suti imempwaya, anaangalia chini. Alikuwa amemsubiri binti yule muda mrefu. Pikipiki ya Gwamaka ilikuwa bado inanguruma nyuma yangu, na mume wangu akaniambia kwa sauti ya chini, meno yamebana, "Panda uondoke. Sasa hivi."

Nilitaka kuondoka, Mungu ananiona. Lakini nikajiambia, nikikimbia sasa, habari itabaki kwamba mke wa fulani ana kichaa, na Lusekelo ataulizwa kama ni cha kurithi. Na lile joho lilikuwa limechafuka kweli, sikuwa nimeota. Nikakaa palepale nyuma ya gurudumu, uso nimeuinamisha, nikamwita Gwamaka, kwa sababu moja kwa moja siruhusiwi kusema na baba mkwe.

"Gwamaka, mwambie baba kwamba mwanawe anaomba radhi. Yale maneno ya mvi nayafuta yote, sikumjua, na hata angekuwa mzee wa watu wengine, hayakuwa maneno ya kumwambia mzee. Lakini ya dereva siyafuti. Dereva amekosea."

Mume wangu akashika kichwa.

Gwamaka akakohoa, akasogea hatua mbili, akayarudia yote neno kwa neno, ingawa mzee alikuwa karibu kiasi cha kusikia hata ninavyohema. Sauti ikatoka ndani ya joho, nzito na ya taratibu.

"Mwambie nimesikia. Mwambie pale Bondeni nilimwambia huyu dereva apunguze, akanijibu, 'Mzee tulia, tutachelewa.' Mimi nikatulia. Hapo ndipo nilipokosea. Na dereva naye mtu aseme naye, maana ameanza kufunga vioo."

Kuna mtu akacheka. Nikadhani ndiyo mwisho wetu, kumbe aliyecheka ni bibi yake yule binti, mama mzee mwenye fimbo, aliyekuwa amekaa kiti cha mbele kabisa. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge. "Hebu mtoeni huyo mzee kwenye hilo joho, aje akae," akasema. "Mimi mkamwana wenu nimempenda. Mtoto wetu akienda huko hatakosa mtu wa kumsemea."

Wakaniondoa kwanza, nyuma ya pikipiki, kichwa nimekiinamisha, ndipo mzee akashuka. Posa ilipokelewa. Hata hivyo msidhani ilikwisha kwa vicheko. Kuvunja ile heshima si jambo dogo, na siku iliyofuata mume wangu alilazimika kupeleka jogoo Njisi kuniombea msamaha, na njia nzima kwenda na kurudi (kanisimulia mwenyewe) alikuwa anajiuliza kwa nini hakuoa mwalimu.

Tulipokuwa tunarudi nikamwambia Gwamaka asimame pale tulipompita yule mama. Hakutaka. Akasema tumeshapata aibu ya kutosha kwa siku moja. Nikamwambia simama, la sivyo nitaruka. Tukaulizia, tukamkuta nyumbani kwake, ameloweka kitenge cha njano kwenye beseni, na alipoiona pikipiki akasimama wima.

"Mama, sisi ndio tuliokumwagia maji," nikasema. "Nimekuja kuomba radhi."

Akanitazama kuanzia juu mpaka chini. "Nilikuwa nauliza watu pikipiki ile ni ya wapi," akasema. "Ningepata usafiri ningekufuata hukohuko ulikokuwa unakwenda."

Hakuna maneno yaliyowahi kuniingia kama yale. Nikakunja mikono, nikainama kwenye beseni, nikafua kitenge chake, Gwamaka akasuuza, tukakianika. Alipoona kimetakata akasema, "Ndaga fijo," asante sana, lakini kwa uso wa mtu ambaye bado anafikiria.

Dereva wa gari jeupe alikuja Bondeni jioni, ametumwa na baba mkwe, analo lile joho mkononi, amenuna. Sikumfokea, sikuwa na sauti tena. Nikampa sabuni. Akafua majoho yote mbele ya majirani, na watu waliokuwa wanapita walisimama kutazama, maana dereva anayefua ni kitu hawajawahi kukiona. Kwaya walipofika walikuta mimi napiga pasi nguo mbichi, mvuke umejaa kibanda kizima. Jumapili waliyavaa. Ukikaa kiti cha mbele kanisani bado unaona mstari wa udongo kwenye pindo la chini.

Basi nimeapa, na mume wangu ni shahidi: sitafungua tena mlango wa gari la mtu mpaka nigonge kioo, nitoe salamu, nijue nani yumo ndani. Lakini kunyamaza sijaapa. Juzi lilipita gari la bluu, dereva akaona watoto wa shule, akapunguza mpaka karibu kusimama, akashusha kioo akanisalimu, nikamwitikia kwa heshima zote. Lililofuata nyuma yake halikupunguza, likamlowesha bibi mmoja mpaka kilemba. Nimeshaulizia mwenye gari anakaa wapi. Kesho asubuhi nitakwenda kumwona, na nitakwenda kwa miguu.