Chumvi Juu ya Karavani

Juma lililopita mama alinipigia simu akasema karavani yetu ya zamani imepata mnunuzi. Ni mwenye hoteli wa Kiserian, anataka kuiegesha karibu na soko la mifugo awauzie watu chai na supu, lakini ameweka sharti moja: haibebi ikiwa inavuja. "Kuja uangalie hiyo paa," mama akasema. "Wewe ndio unaijua." Basi Jumamosi nikatoka Gataka ninakoishi, nikafika Kitengela kabla jua halijakaza, nikaegemeza ngazi na kupanda. Nilikuwa sijapanda pale tangu nikiwa darasa la saba.

Ngoja kwanza nikueleze ilivyotufikia. Baba alikuwa dereva wa kampuni moja iliyokuwa ikipima barabara, na kazi ilipokwisha wakubwa waliacha nyuma viti vilivyovunjika, mapipa, na hiyo nyumba ya magurudumu waliyokuwa wakiifanya ofisi. Baba akaivuta kwa trekta ya kuazima hadi kwenye kiwanja chetu, akaikalisha juu ya mawe, akatuambia tutakaa humo kwa muda tu mpaka ajenge. Kisha akapata kazi nyingine mbali, akawa anakuja mwisho wa mwezi. Huo muda tu ulichukua miaka tisa.

Tulikuwa watatu humo ndani. Mama alilala mbele, kwenye meza iliyokunjuliwa ikawa kitanda. Nyuma kulikuwa na vitanda viwili vyembamba, cha kushoto changu na cha kulia cha nyanya, mamake baba, aliyekuja kutoka Ukambani kutusalimia akakuta hatuna wa kumwachia nyumba mchana. Alikuja kwa wiki mbili. Yeye na karavani walikuwa na tabia moja.

Mvua ikinyesha juu ya bati lile jembamba hukusikia mtu akiongea. Mama alikuwa akisimama mlangoni na kusema, usipoziba ufa utajenga ukuta, nami nilikuwa nikijiuliza ukuta gani, maana hatukuwa nao. Lakini alisema kweli. Paa la karavani si kama la nyumba. Limeungwa vipande vipande, na kila mshono ni mdomo unaosubiri maji. Ndiyo maana kila mwaka, kabla ya mvua ndefu, tulibandua tepu iliyochoka tukabandika mpya: pana kama kiganja, mgongo rangi ya fedha, tumboni gundi nyeusi inayonuka lami. Baba aliileta kutoka Nairobi. Kubandika ni kazi ya dakika kumi. Kuliandaa paa ndiyo kazi, na kazi hiyo ilikuwa yangu, kwa kuwa nilikuwa mwepesi, na nyanya ndiye aliyekuwa msimamizi, kwa kuwa magoti yake hayakupenda ngazi.

Alisimama chini ameshika kiuno, ananiagiza. Gundi ya zamani ilikwanguliwa kwa mwiko wa ugali uliovunjika mpini, kwa sababu kisu kingetoboa bati. Iliyokataa ilisuguliwa kwa mafuta ya taa, mpaka mikono yangu ikanuka kama stovu. Kisha sabuni, kuondoa mafuta ya taa. Kisha maji. Kisha kitambaa chenye spiriti, ile ya kupaka vidonda. Yote hayo yalitakiwa kwisha kabla ya saa sita, kwa sababu baada ya saa sita upepo wa Kitengela huamka na vumbi lake. "Tepu ni kama mgeni wa heshima," nyanya alikuwa akisema. "Ukimkaribisha penye uchafu, anaaga mapema."

Jirani yetu, mama mmoja wa Kimaasai aliyekuwa na boma ng'ambo ya ua, alipita na punda wake wa maji akasimama kutucheka. "Supai," alimsalimia nyanya. "Epa," nyanya akajibu, na hapo Kimaasai chake kikawa kimekwisha. Yule mama alikuwa akiziba paa lake kwa samadi na majivu asubuhi moja na kumaliza. "Nyinyi mnaosha nyumba kama mtoto," alisema. Nyanya alicheka naye, kisha punda walipopita akanigeukia: "Wewe, endelea. Usichekeshwe."

Sasa kuna jambo moja ambalo mtu asiyejua Kitengela hawezi kulijua. Maji yetu yana chumvi. Yanatoka chini sana, ni maangavu ukiyatazama, lakini ukiyamwaga kwenye bati yakikauka yanaacha unga mweupe. Maharagwe yakipikwa nayo hayaivi, chai yake inanuna, na nguo nyeupe inageuka rangi ya uji wa wimbi. Tepu nayo hushika ule unga badala ya kushika bati, na baada ya siku chache unga na tepu huondoka pamoja. Kwa hiyo nyanya alikuwa na mtungi wa lita ishirini wa maji ya mvua ya mwaka uliopita, ameufunga kwa kitambaa na kuuficha chini ya kitanda chake. Ulikuwa wa mambo mawili tu: muthokoi wa Jumapili, yale mahindi yaliyokobolewa, na kusuuza paa mara ya mwisho.

Kukagua alikagua kwa ulimi. Nikimaliza mshono, nilipitisha kidole juu yake kikiwa kimelowa, nikalala kifudifudi ukingoni na kumshushia mkono. "Leta kidole," alisema. Alipanda kistuli, akakigusa kwa ncha ya ulimi kama anayeonja mchuzi, akatazama mbali. Akikunja uso, narudia. Akisema, "Imetakata," nabandika, kisha nabingirisha chupa ya soda juu ya tepu ishike sawasawa.

Mwaka ule wa darasa la saba shule yetu ilikuwa inaenda Kajiado kukariri mashairi, na mimi nilipewa ubeti wa kwanza. Sikuwa nimewahi kufika Kajiado. Mwalimu alituambia Ijumaa mbele ya darasa zima, "Atakayekuja na shati ya rangi ya chai atabaki na mlinzi." Macho yote yalikuja kwa shati langu. Siku ya kwenda ilikuwa Jumatatu, na siku ya paa ilikuwa Jumamosi.

Nadhani umeshajua nilichofanya. Mama alikuwa sokoni, nyanya alikuwa nyuma akipepeta mahindi. Nililoweka shati kwa maji ya mvua, nikalifikicha, nikalisuuza mara tatu. Lilikuwa jeupe kweli. Yaliyobaki kwenye mtungi yalitosha mishono yote isipokuwa mmoja, ule wa kona ya kushoto, juu ya kitanda changu mwenyewe. Huo niliusuuza kwa maji ya chumvi, nikajiambia ni kwangu, nikilowa ni mimi.

Kisha nyanya akaja, akapanda kistuli. Akaitazama kamba ya nguo. Shati lilikuwa linapepea hapo, halikujificha. "Leta kidole," akasema. Nilikuwa nimejiandaa. Kidole cha kulia ndicho kilichopita kwenye mshono, kwa hiyo nilikificha, nikapangusa cha kushoto kwenye gauni mpaka kikakauka, nikakilowesha kwa tone la mwisho la mtungi na kumpa hicho. Aliweka ulimi. Akatazama upande wa milima ya Ngong.

"Imetakata," akasema. "Bandika."

Nilibandika nikijiona mjanja wa wajanja. Kwa miaka mingi baadaye, nilipotaka kujikumbusha kwamba hata nyanya angeweza kudanganywa, nilikumbuka asubuhi hiyo.

Jioni, tukila, nyanya alimwambia mama, "Mimi leo nalala kwa kitanda ya huyu. Godoro yangu inanimeza mgongo." Mama alisema magodoro yote ni mamoja. Nyanya akasema mgongo ni wake. Akahamisha blanketi lake na Biblia yake, na mimi nikahamia kulia, nikifurahi kwa sababu huko kulikuwa na dirisha.

Jumatatu nilienda Kajiado. Nilisema ubeti wangu, shati likang'aa, tukashika nafasi ya tatu. Jumatano mvua ndefu ikaanza na ikanyesha siku nne. Tepu ya kona ya kushoto iliachia siku ya pili. Maji hayakudondoka ambapo mtu angeweka sufuria, yaliteremka kimya ndani ya ukuta na kunywewa na godoro kutoka chini. Mama aligundua Jumapili alipotandika kitanda. Alimuuliza nyanya kwa nini hakusema. Nyanya akajibu, "Si ni maji tu." Nami nikamsaidia mama kulitoa godoro juani.

Kikohozi chake kidogo kikawa kikubwa. Wiki mbili baadaye shangazi, aliyefanya kazi ya ofisi Kajiado na kukaa nyumba ya mawe, alikuja kumchukua hadi atakapopona. Alisema ni kwa muda tu. Nilibeba blanketi lake hadi barabara ya Namanga. Nyanya aliniita binti kwa Kikamba chake, "Mwiitu, soma," akapanda basi. Hakurudi kuishi nasi tena. Nilimtembelea kila likizo, tukaongea habari za kuku na za mtihani, na kila mara nilitaka kumwambia kuhusu mtungi nikaona kesho ipo. Nikiwa kidato cha pili, kifua kilimshinda. Kwenye mazishi watu walilia, mimi nikagawa sahani. Sikuhisi kitu. Hata sasa nikipapasa ninapodhani pana uchungu, napakuta pamekufa ganzi.

Basi Jumamosi hii nilikuwa juu tena, nakwangua. Pale palipokuwa na boma la yule jirani kuna ghorofa nne na nguo kwenye kila roshani. Punda hakuna, maji yanaletwa na lori. Ila ni yaleyale. Mama, ambaye sasa anakaa nyumba ya mawe ya vyumba viwili hapo kando, alinipandishia ndoo, nikaoshea nayo asubuhi nzima, kusuuza kwa mwisho nikaachia maji ya dukani niliyokuja nayo. Nilipofika kona ya kushoto nikakumbuka mchezo wangu. Nikapangusa kidole cha kushoto kwenye suruali, kwa nguvu, mpaka kikakauka. Nikakilowesha kwa yale maji ya dukani. Nikakiweka ulimini.

Chumvi.

Nikapangusa tena, nikalowesha tena. Bado chumvi. Mikono iliyoshinda kwenye maji yale haitakati kwa kupanguswa kwenye nguo. Hakuna kidole ambacho ningempa nyanya kisichokuwa nayo. Aliliona shati kwenye kamba, akakionja, akasema imetakata, kisha akahamisha blanketi lake.

Sikulia, sikudanganyi. Mama akaita kutoka chini, "Imetakata?"

"Bado," nikamwambia. Nikachukua chupa moja ya maji ya dukani, nikaimimina yote kwenye kona ile, nikaanza kusugua upya. Mwenye hoteli ameshasema hapo chini hatalala mtu, ataweka kreti za soda.