Kisogo cha baba

Gemu? Bado naitengeneza, acheni kunicheka jamani.

Ila leo imenikomesha.

Mnajua mimi niliishia darasa la saba, fundi simu hapa Bariadi. Kuchora kwa kompyuta nimejifunza kwa kunakili mifano ya watu mtandaoni na kuchungulia mafaili ya injini ya gemu, ile programu inayoliendesha. Kiingereza chenyewe nabahatisha.

Nikamchora marehemu baba aingie kwenye gemu. Picha yake tunayo moja tu, ya kitambulisho, kakunja uso kama anaumwa jino. Nikaibandika kwenye umbo la uso linaloweza kugeuzwa, kichwa kikasimama kwenye skrini.

"Mayu, njoo umwone mumeo!"

Mama akacheka, akalia, akagusa kioo.

"Mgeuze," akasema. "Nione lile kovu la pembe ya ng'ombe."

Nikamgeuza.

Baba akapotea!



Kumbe ule mfano niliokopi una mstari wa maagizo unaoikataza kompyuta kuchora kitu kikikupa mgongo. Nikaufuta mbio mbio. Baba akarudi, ila nyuma ni shimo tupu, kama kibuyu kilichopasuliwa.

"Baba yako alikuwa na kisogo," mama akasema. Akatoka nje.

Injini nzima nimepekua. Kisogo cha baba hakimo.

Sasa tufanye hivi. Kama uliwahi kupiga picha au video, mnada wa Maswa, msibani, popote, na mzee wangu yupo kwa nyuma kakupa mgongo, nitumie.

Simu yako nitaitengeneza bure mpaka nife, hata ukiidumbukiza chooni kila wiki.