Asubuhi Niliyomkana Hawa

Enzi zetu kule juu milimani Uluguru, shule ilipofunguliwa Januari hakuna aliyemuuliza mtoto kama yuko tayari. Unapewa fagio la chelewa, dumu la maji na kipande cha gimbi la kuchemsha, unateremka na ukungu wako. Watoto wa leo wenye mabegi ya magurudumu wangebiringika mpaka mtoni. Sisi tulifika na matope magotini, tukacheza rede hadi kengele ilipolia.

Mwaka nilioingia darasa la nne, mdogo wangu Hawa alianza la kwanza. Mama alinipa kazi moja tu: "Mshike mkono mpaka azoee."

Hawa hakuzoea. Nyumbani tulizungumza Kiluguru, na mwalimu wake hakutaka kukisikia darasani. Ukiteleza ulimi unavishwa kibao shingoni, unashinda nacho, na jioni unachapwa. Hawa hakuwa na Kiswahili cha kuombea hata ruhusa ya kwenda chooni. Wiki ya pili akajikojolea. Akatoka mbio, kibao shingoni, sketi imelowa, akasimama kwenye mlango wa darasa letu akiniita kwa Kiluguru. Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu wetu akauliza huyu ni mdogo wa nani, akanitazama mimi. Niliona kicheko kile kinanihamia.

"Simjui," nikasema.

Hawa alinitazama kidogo, kisha akaondoka peke yake kwenye manyunyu. Hakurudi tena shuleni. Kila asubuhi mama alimkuta amejificha migombani. Alichapwa, akabembelezwa, akachapwa tena, mpaka baba akasema basi, abaki asaidie shamba. Mimi niliendelea, leo ni karani mjini Morogoro. Hawa analima karoti kule kule. Mama alifariki bila kujua nilichosema.

Januari hii binti yangu Rehema alianza la kwanza, naye akawa analia kila asubuhi. Hawa alikuwa amekuja kututembelea, akasema tumpeleke wote. Langoni mlinzi akatupa daftari la wageni. Hawa akanisogezea kalamu, nikaandika majina yetu yote mawili.

Wakati wa kurudi nilimwomba msamaha. Tulikuwa tumefika stendi ya Msamvu.

"Kibao sikukiogopa, dada," akasema. "Niliogopa kwamba hata nyumbani hutanijua."

Hakusema kama amenisamehe.

Wenzangu wa rika langu hujisifu kwamba sisi tulikomazwa, watoto wa siku hizi ni mayai. Huwa nacheka nao, na kweli nayatamani magimbi yale, rede ile, sauti ya mama akituita jioni. Lakini mwalimu wa Rehema huchuchumaa anapozungumza na mtoto, na mzazi anaruhusiwa kukaa nyuma ya darasa mpaka mwanawe atulie. Nilikaa pale wiki nzima, magoti yamenigusa kidevu kwenye kiti kidogo cha plastiki. Enzi zetu, kiti kimoja kama kile kingetosha.